Aliyekuja Kupima Chumba

Kwako mtoto wa kaka yangu,

Huku sote wazima, isipokuwa goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuishinda redio. Simu uliyonitumia ni nzuri sana. Tochi yake inanisaidia kusoma migongo ya vitabu kwenye rafu za chini.

Uliniuliza, "Shangazi, zama hizi za mtandao, nani bado anakwenda maktaba?" Wanafunzi wanakuja kukimbia kelele za nyumbani. Fundi cherehani anakuja kusinzia, nami simfukuzi. Na majuzi alikuja bwana wa manispaa na futi kamba, kupima chumba. Wanataka kutufunga, pawe duka la simu. Nilicheka naye, roho mkononi.

Mvua ikamzuia, simu yake ikaisha chaji. Nikampa riwaya ya upelelezi apotezee muda. Saa ya kufunga ilimkuta hajamjua muuaji, akaniomba aondoke nayo. Sheria yangu unaijua: huazimi kingine mpaka unisimulie ulichorudisha. Kesho yake nilimkuta mlangoni, akasimulia hadi fundi cherehani akaamka!

Kumbe mpelelezi yule ana vitabu vingi, kimoja kinafuata kingine. Bwana yuko kwenye cha tatu. "Kazi ni kazi, mama," ananiambia. "Nikimaliza tu vyote, naandika ripoti ya kufunga."

Nami namwambia asome bila haraka. Kitabu cha mwisho kiko chini ya kitanda changu.

Shangazi yako,
mshika funguo bado