Siku Niliyomwambia Mama Mdogo Nilichosoma

Jumapili. Manyunyu tangu alfajiri hapa Nyamisangura, baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Nimerudi kanisani, nimetundika shati jeupe kwenye msumari, nimekaa kitandani. Leo ilikuwa Jumapili ya mfungo, kwa hiyo njaa ninayo, lakini hata mfungo ungeisha saa hii nisingekula.

Nina jambo la kuungama na sina wa kumwungamia. Ndiyo maana naandika hapa.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: naitwa Mwita, fundi simu, na huu ni mwaka wa nane mimi ni Mmormoni. Tuko wachache. Tunakutana kwenye nyumba ya kupanga yenye viti vya plastiki, na hapa mtaani wanatujua kama wale watu wasiokunywa chai. Ukikataa chai Tarime, mtu anakuuliza kama unaumwa. Ukimwambia ni imani, anakuuliza tena kama unaumwa.

Niliipokea imani hii nikiwa kibarua upande wa Kenya, ng'ambo ya Sirari. Vijana wawili wenye tai waliniambia kwamba familia haiishii kaburini. Nilikuwa mbali na nyumbani, mpweke, na hakuna neno lililowahi kunishika namna ile. Nalisema hili mapema ili nisije nikajifanya kwamba sikuwahi kuamini. Niliamini sana. Ubaya wote ulianzia hapo.

Miezi minne iliyopita nilipewa somo la kufundisha darasa la Jumapili. Dada mmoja mgeni alikuwa ameniuliza swali juu ya historia ya kanisa na sikuwa na jibu. Nikasema nitatafuta. Siku iliyofuata, kibandani, wateja hawapo, nikaandika swali lake kwenye simu.

Fundi simu yeyote anajua kanuni moja: simu kama inawaka na inaita, usiifungue.

Nikaifungua. Tovuti ya kwanza ikanipeleka ya pili, ya pili ikanipeleka kwenye jukwaa ambalo watu waliokuwa waumini wanaandikiana kwa majina ya bandia. Kiingereza changu ni cha kuunga unga, nilisoma huku nikitafuta maneno kwenye kamusi. Nikasoma kwamba kwa miaka mingi sana mwanaume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani. Ukuhani huu huu nilionao mimi. Nikasoma kwamba mwanzilishi mwenyewe alikuwa na wake wengi, na wengine aliwaoa bila mke wa kwanza kujua. Nikasema haya ni maadui wanatuchafua. Nikaenda kwenye tovuti ya kanisa lenyewe kutafuta pa kuwakanusha, nikakuta nako yameandikwa. Kwa upole, kwa maelezo marefu, lakini yameandikwa.

La ukuhani liliniuma. La wake ndilo lililoniangusha.

Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mama yangu ndiye mkubwa. Wa pili ni Mama mdogo Wankuru, ambaye hakujaliwa mtoto, na ambaye mimi na wadogo zangu tulilala nyumbani kwake zaidi ya kwetu kwa sababu uji wake wa wimbi ulikuwa mtamu. Wake wenza hao walilima shamba moja na kucheka pamoja. Wivu ulikuwapo, sitadanganya, lakini ulikuwa wivu wa kugombania nani kaharibu jembe la nani.

Miaka sita iliyopita baba alikubali mahubiri yangu na akataka kubatizwa. Kanuni ilikuwa wazi: mwenye wake wawili habatizwi mpaka abaki na mmoja. Hakuna kiongozi aliyekuja kumfukuza mtu. Hakuna aliyenituma. Ni mimi, kifungua mimba, mwenye moto wa imani na shati lililopigwa pasi, niliyekwenda jikoni kwa Mama mdogo nikamweleza kwamba ndoa yake haimpendezi Mungu.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mboga. Akauliza ng'ombe mwekundu atakamuliwa na nani, maana yule ng'ombe alikuwa hamkubali mtu mwingine. Siku ya tatu akaenda kwa kaka yake, Manchira, karibu na lile bwawa la Mugumu. Baba alisimama kwenye zizi akiwa ametupa mgongo mpaka Mama mdogo alipopotea njiani. Wiki mbili baadaye nilimbatiza baba kwa mikono yangu mwenyewe, na alipotoka majini alikuwa analia. Niliwaambia watu ni machozi ya furaha.

Kwa hiyo nilipokuwa kibandani na simu mkononi, nikisoma juu ya wale wake wote wa mwanzilishi, nilichokiona ni Mama mdogo akichambua mboga. Wao wakiwa nao ni historia, sisi tukiwa nao ni dhambi. Mkuki kwa nguruwe! Nilikasirika hadi nikavunja kioo cha simu ya mteja, nikamlipa.

Tangu hapo nimekuwa nikirudi kwenye lile jukwaa kila siku kama mtu anayejikuna kidonda. Watu wa kule wanalilia miaka yao iliyopotea, wazazi waliowakasirikia, ndoa zilizovunjika. Nawahurumia. Lakini wakianza kukicheka Kitabu cha Mormoni nafunga, kwa sababu mimi kile kitabu nilikisoma kwa machozi na siwezi kukicheka. Nimetafuta kule kama yupo mwingine aliyemtoa mama yake mdogo nyumbani ili baba yake abatizwe. Nimeandika swali hilo kwa namna tano tofauti. Hayupo.

Tovuti zile hazikunidanganya, nadhani. Ila nazo hazikuniambia niende wapi.

Jana nilifunga kibanda, nikapanda basi la Mugumu nikaenda Manchira. Mama yangu aliposikia, akanipa kifuko cha unga wa wimbi nimpelekee mwenzake. Hupeleka kila akipata mtu wa kumtuma, miaka yote sita, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nilimkuta Mama mdogo ameketi nje, ameelekeza uso kwenye jua. Macho yake yameingia ukungu. Nikapiga magoti nikamwamkia.

"Marahaba. Mwita huyo," akasema. "Hata sauti yako imekonda."

Akaita niletewe chai. Kikombe kilipofika mkononi mwangu akakumbuka, akajipiga paja. "Aa, nyie hamnywi. Nipe, nikakupe maji."

Nikanywa. Chai ya kwanza baada ya miaka minane, ya maziwa, yenye moshi wa kuni. Sikusikia chochote cha ajabu, si dhambi wala ushindi, ilikuwa chai tu.

Nikamweleza yote. Tovuti, mwanzilishi, wake zake. Nikamwambia nilikuja jikoni kwake na neno nisilolijua vizuri. Nilisema nikiwa nimeinama chini, maana hata asiyeona unaweza kushindwa kumtazama.

"Hayo ya Wazungu na wake zao nifanye nayo nini?" akaniuliza.

"Nilikukosea, mama."

"Ndiyo. Ulinikosea."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na nimejiandaa kwa msamaha. Lile neno moja sikuwa nimejiandaa nalo.

"Tata wako anajua hayo uliyosoma?"

Nikamwambia bado, na kwamba kesho yake nilikusudia kumwambia baba.

"Usimwambie." Alinishika mkono, akanibana. "Sikiliza. Yule mzee aliniacha kwa ajili ya Mungu. Hilo ndilo nimekaa nalo hapa, limenishika nisianguke. Sasa wewe ukamwambie kwamba Mungu hakusema. Si itakuwa niliachwa bure? Na yeye atakuwa ameniacha bure. Atakufa na hiyo, Mwita. Muache."

Mimi nilidhani ukweli nilioubeba kutoka kwenye simu ungekuwa zawadi.

Akaniambia anachotaka yeye. Hataki radhi yangu wala hataki kurudi kumharibia mzee ubatizo wake. Ng'ombe waliotolewa kumwoa hawajawahi kurudishwa, na kwetu ng'ombe wakikaa, mke bado ni wa mji ule hata akilala kwa kaka yake miaka mia.

"Siku nikifa, hawa kaka zangu watataka kunizika hapa bwawani. Wewe ndiye mkubwa kule. Uje unichukue. Unizike nyumbani."

Nikamwapia. Ndicho kiapo pekee nilichoapa mwaka huu nikijua ninachosema.

Leo nikaenda kanisani. Sijui niseme nilikwenda kuabudu au nilikwenda kwa sababu baba hutembea saa nzima kutoka kijijini na hunitafuta kwa macho akifika mlangoni. Trei ya mkate wa sakramenti iliponifikia, nikaipitisha kwa jirani bila kula. Nilitumaini hakuna aliyeona.

Ukafika wakati wa ushuhuda. Baba akasimama kama afanyavyo kila mwezi, mkono kwenye mgongo wa kiti. Akamshukuru Mungu kwa mvua. Akamshukuru kwa mwanawe aliyemshika mkono akamwingiza majini. Akasema anangoja siku ya kwenda hekaluni na mama yetu. Watu wakaitikia amina. Mimi nilitazama viatu vyangu na nikajichukia kwa utulivu, bila fujo, kama mtu anayesoma matokeo aliyokwisha kuyajua.

Tulipotoka nikamsindikiza hadi kwa waendesha bodaboda, manyunyu yakitunyeshea.

"Mkate umeupitisha," akasema.

"Ndiyo, tata."

Hakuniuliza sababu. Tukatembea.

"Mama yako ananiambia jana ulikuwa Manchira. Macho ya mwenzake vipi?"

Nikamwambia yamefifia, anatambua watu kwa sauti. Akatikisa kichwa. Baba yangu ana miaka sabini na kitu, hajui kusoma, hana simu ya kuingia kwenye tovuti yoyote. Akasimama katikati ya njia, akaniuliza:

"Siku hiyo ya hekalu, mimi na mama yako tutaunganishwa, ndoa haitakatika milele. Sasa Wankuru, yeye ataunganishwa na nani?"

Mimi ni mwalimu wa darasa la Jumapili. Nimesoma upande wa kanisa na nimesoma upande wa wanaolipinga. Sikuwa na sentensi hata moja ya kumpa mzee huyu aliyelowa mvua. Nilitaka kumwambia yote pale pale, na nikausikia ule mkono wa Mama mdogo ukinibana.

Akaendelea mwenyewe, kwa sauti ya chini, akitazama nyuma kama tunafuatwa.

"Ile nyumba yake niliiezeka upya mwaka jana."

"Ulisema ni ghala la mahindi."

"Umeona mahindi?" Akafuta uso kwa kiganja. "Na kule nyuma, penye migomba, nimepima sehemu. Si mbili. Tatu. Wewe ndiye utakayesimamia kuchimba, kwa hiyo ujue. Kanisani usiseme."

Nililia njiani, mtu mzima, nikiwa na shati jeupe. Nililia kwa sababu niliwafundisha watu hawa kwamba familia inaweza kudumu milele, na wao walikuwa wakilijua hilo kabla sijazaliwa. Mama anatuma unga. Baba anaezeka nyumba isiyo na mtu. Mama mdogo anaulinda ubatizo uliomtoa. Aliyeivunja ile nyumba ni mimi peke yangu, na wenyewe wamekuwa wakiishikilia kila mmoja upande wake, kwa siri, wakifichana ili wasinivunje moyo mimi mchungaji wao.

Je, bado naamini? Sijui. Kuna asubuhi naamka na naomba kabla sijakumbuka kwamba nina mashaka. Nimefuta lile jukwaa kwenye simu mara mbili na mara mbili nimelirudia. Wakiniuliza kanisani kwa nini niliupitisha mkate, sijui nitasema nini. Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu ameshakaa mapajani ananitazama.

Baba alipanda bodaboda, akajifunika mfuko wa nailoni kichwani. Kijana wa pikipiki akawasha. Baba akamgusa bega asubiri kidogo, akanigeukia.

"Jumamosi, basi la Mugumu linaondoka saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, tata."

Akaitikia kwa kichwa. Hakusema anauliza kwa nini, na mimi sikumuuliza. Wakaondoka.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu nitakuwa stendi. Nitamshikia kiti cha dirishani.