Alama Nyekundu na Mpwa Wangu Waziri

Jumatatu, 3 Machi
Chai, mihogo, kijiweni. Bila mie baraza halianzi. Nimewaeleza tena nilivyomfundisha Rehema utangazaji. Mtoto wa dada yangu, kakulia humu humu Tabata bondeni, nilikuwa namshikisha mwiko uwe maiki, asome taarifa ya habari jikoni. Akaenda redioni, akawa mwandishi wa kuogopwa. Leo waziri. Wamecheka, ila wamesikiliza. Nilipokuwaga bandarini Kurasini nilisimamisha meli kwa filimbi, sembuse kulea waziri.

Jumatano, 5 Machi
Vijana wa manispaa wamekuja na rangi nyekundu. X kila ukuta. Wangu pia! Tuwe tumehama kabla ya Jumatatu ya tarehe 17, eti mto unataka njia yake. Amri imetoka wizarani, na wizara yenyewe ni ya Rehema. Watu wamejaa uani kwangu kama msibani. Hasira zikanipanda. Nikachukua chokaa, nikaifuta X mbele ya kadamnasi. Nikasema nimeshaongea na Mheshimiwa, yamekwisha.
Sijaongea naye. Simu hapokei.

Alhamisi, 6 Machi
Mtaa mzima umepaka chokaa. Unang'aa kama Idi. Nimepewa shikamoo na watu walionizidi umri. Tamu.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Shukuru, jirani yangu, mjane, mfuga kuku. Alishaita fundi amvulie bati, milango na nondo za madirisha, akajengee kiwanja chake cha Goba. Ndivyo tunavyofanya sie wa bondeni. Tingatinga likikukuta na bati juu, umepoteza mara mbili. Leo kamwambia fundi arudi kwake.
"Baba Zuhura, si umesema yamekwisha?"
"Kalale, mama. Kalamu ya kwanza ya Rehema nilinunua mie."
Kaniletea trei ya mayai. Nimekula mawili. Mengine nimeyafunika nisiyaone.

Jumanne, 11 Machi
Rehema kapiga. Shikamoo mjomba, sauti ile ile ya redioni. Nimemmwagia yote.
"Mjomba, masika yale ya mafuriko nilitangaza nikiwa uani kwako, maji kiunoni. Nikauliza serikali iko wapi, watu wanaishi mtoni. Sasa nikae ofisini niseme sikuona?"
Nikamwambia mtaa mzima unanitazama mie.
"Najua. Ndiyo maana nimepiga mwenyewe. Hata redioni, kabla habari haijatoka, nilikuwa nampigia kwanza atakayeumia. Vua bati, mjomba."
Nimemwita msaliti. Nimemkatia simu.

Jumatano, 12 Machi
Namchukia. Kijiweni wameniuliza, nikasema kanialika Dodoma, tutakula meza moja. Mdomo huu.
Alipokuwa mdogo kila nikisimulia ananikata: "Mjomba, umeona mwenyewe au umesikia?" Kitoto cha darasa la pili. Watu wazima wote wanameza, yeye anauliza.
Jioni nimekaa uani natazama ukuta. Chokaa imeificha X. Ule mstari wa tope wa mafuriko haujajificha. Umejitokeza tena, usawa wa kitovu changu. Huo nimeuona mwenyewe.
Mama Shukuru anawapigia kuku wake mluzi. Bati lake lote liko juu.

Ijumaa, 14 Machi
Asubuhi nimeegemeza ngazi. Mke wangu kaishika. Nimepanda na nyundo. Msumari wa kwanza umelia mpaka watu wametoka nje.
"Baba Zuhura! Unafanya nini huko juu?"
"Navua."
"Si umesema..."
"Mwite fundi wako, Mama Shukuru. Leo hii."
Kanitazama. Wote wananitazama, na maneno ninayo mengi, naweza kuwatungia hapo hapo na wakaamini. Nikang'oa msumari wa pili. Mama Shukuru kageuka kwenda kumwita fundi. Bora angenitukana.
Adhuhuri fundi alikuwa juu ya paa lake. Mpaka alasiri ni nyundo tu, huku na huku mpaka mtoni. Shikamoo leo sijapata hata moja.

Jumapili, 16 Machi
Mama Shukuru kanikatia kona ya kiwanja chake Goba, tujibanze kwa muda. Kasema ni kwa ajili ya mke wangu, siyo yangu. Sawa. Bati zetu zimelala pamoja, kuku wake wanatembea juu yake.
Tulipokuwa tunapakia, mmoja wa kijiweni kauliza, "Mzee, eti siku ya tingatinga imesogezwa mbele?" Wote wakanigeukia.
Nikasema sijui.
Ujumbe wa Rehema: Mjomba, bati zimetoka nzima?
Nimekaa na simu mkononi. Nimeandika: zimetoka, moja imetoboka.
Ni kweli. Moja tu.