Paji la Uso la Mama Kirimi

Jumatatu, 3 Machi
Tindo na nyundo tangu asubuhi. Vumbi la marumaru limeingia hadi kwenye chai. Hapa Manyatta tumezoea kuchonga mawe ya makaburi. Sura ya mtu ni mara ya kwanza. Ni ya marehemu Mama Kirimi wa Kibirichia, aliyelima viazi maisha yake yote. Watoto wake wanataka kumweka mbele ya nyumba yao mpya. Pua imekubali. Nimefurahi, sifichi.

Alhamisi, 6 Machi
Leo paji la uso. Kwenye picha waliyonipa watoto wake lina mfereji kutoka upande hadi upande, pale kamba ya kubebea kuni na magunia ilipokuwa ikikaa. Mama yangu anao pia. Kidole kinalala ndani. Nimeuchonga polepole. Sijawahi kuchonga kitu kizuri hivi. Mugendi, mwenzangu anayepiga msasa, ameutazama akanyamaza. Kwa Mugendi hiyo ni sifa kubwa.

Jumanne, 11 Machi
Kirimi, kifungua mimba wa marehemu, amekuja kukagua. Amesifu pua, amesifu midomo. Halafu: "Fundi, hiyo laini ya kwa kichwa utoe. Tutakuwa na wageni wa maana. Hawawezi pata Mami akikaa kama mtu wa kubeba kuni."

Nimemjibu kwamba kuni hizo ndizo zilizompikia. Hakupenda. Mdomo wangu huu.

Marumaru haiongezwi. Kufuta mfereji ni kushusha paji lote, na uso wote utabadilika. Nimekataa. Amesema basi atalipeleka jiwe kwa fundi mwingine.

Jumatano, 12 Machi
Bado nina hasira. Mugendi anasema jiwe ni lao na mama ni wao. Kweli. Lakini huyo fundi mwingine atashika mashine ya grenda, aondoke na nyusi pia.

Mchana nimeufuta mfereji mwenyewe. Paji sasa ni laini, macho yanaonekana makubwa. Ugali umenishinda.

Ijumaa, 14 Machi
Msasa. Mugendi hasemi kitu, na leo si sifa.

Jumamosi, 22 Machi
Kibirichia, sanamu imefunuliwa. Baridi kali. Kirimi amenishukuru mbele ya wageni, wakapiga makofi, nami nikatabasamu kama mjinga. Chakula chetu mafundi kiliwekwa nyuma ya nyumba, pamoja na wapishi na akina mama waliokuwa wakilima na marehemu.

Wageni walipoondoka, akina mama wamekwenda kumwona. Mmoja, mzee sana, naye paji limebonyea, ameizunguka sanamu mara mbili. Amerudi kuniuliza, "Fundi, huyu ni msichana wake mgani?"

"Ni yeye mwenyewe, shosho."

Ameitazama tena, bila haraka. Kisha amenishika mkono, akanipa pole.