Mvuto wa Kipusa

Jumatatu, 3 Machi

Kipusa amerudi! Mwaka mzima alikuwa kwa bibi yake, mama mkwe wangu, maana zamu zangu za usiku hazikuwa na huruma. Sasa nimepewa zamu ya mchana, na binti yangu amelala kitandani hapa pembeni yangu. Amerefuka. Meno mawili ya mbele hayapo. Na kuongea kwake — loo! Kila neno analivuta, halafu mwishoni analiinua kidogo, kama mtu anayeita kuku. "Mamaaa, nimeshibaaa." Bibi yake mtupu! Nimecheka mpaka machozi. Kisha nikaona wivu. Sikuutegemea.

Jumanne, 4 Machi

Kazini leo, kule kwenye simu za wateja wa maji, Kasuku alituchekesha wakati wa chai. Ni jirani yangu wa meza, na hakuna lafudhi inayomshinda. Akamwigiza mzee mmoja aliyekatiwa maji, analalamika kwa mvuto ule ule wa kwa mama mkwe. Watu hoi! Wiki iliyopita ningecheka nao. Leo nimekoroga tu chai yangu, na sukari ilishayeyuka kitambo.

Nyumbani nikamkuta Kipusa kajifungia chumbani. Watoto wanaocheza ngazini, hapa kwenye jengo letu, wamempa jina: Redio ya Shamba. Hatoki tenaaa, kasema. Hata kulia analia kwa lafudhi, maskini. Moyo umeniuma.

Alhamisi, 6 Machi

Udongo uwahi ungali maji. Nimeamua.

Kazini kila meza ina kioo kidogo. Unajitazama unapoongea, maana wanasema mteja husikia tabasamu. Nimekuja na changu nyumbani. Kipusa mbele ya kioo, mimi nyuma yake na kitana, namsuka huku namfundisha. "Habari za mchana. Naomba maji, tafadhali." Kata mwisho, usivute! Mwanzoni alishikwa na kicheko, nami nikamkazia macho. Basi akashika kazi. Ana sikio huyu! Msimamizi wangu angemwajiri kesho asubuhi.

Jumamosi, 8 Machi

Ametoka kucheza! Nimechungulia dirishani. Anaruka kamba na wenzake, "poa" huku, "noma" kule, hakuna aliyemcheka. Nikajipongeza kwa soda baridi.

Jioni kamwaga uji mezani. Zamani — yaani Jumatatu! — angepiga kelele Mamaaa na kunikimbilia. Leo kasimama wima, mikono nyuma. "Samahani kwa usumbufu, Mama. Nitapafuta sasa hivi." Usumbufu! Hilo ni neno langu la kazini, nawapa watu nisiowajua. Nikamwambia hakuna shida, mwanangu. Akanishukuru kwa uvumilivu wangu.

Nimeingia bafuni, nikakaa juu ya ndoo mpaka nikatulia. Nilitaka wasimcheke tu. Sasa naongea na mfanyakazi mwenzangu, na bado sijui alikuwa anacheza nini kwa bibi yake, wala kama aliwahi kunililia usiku.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kapiga. Nimeweka simu kwenye spika, nikampa Kipusa, nikajifanya nina shughuli na daftari hili. Kusema kweli nilikuwa naisubiri ile sauti yake ya zamani. Nilidhani kwa bibi yake itatoka yenyewe.

"Shikamoo, Bibi. Habari za leo?"

Bibi kaguna kwanza.

"Marahabaaa, mwananguuu. Wewe nani? Hebu niitie mjukuu wanguuu."

"Ni mimi, Bibi."

"Aaah, usinitanie. Wangu namjuaaa."

Kasema kwa upole tu, kama unavyomjibu mtu aliyekosea namba. Kipusa kageuka kunitazama. Nimemnong'oneza: ongea naye mlivyozoea, mama, vuta unavyotaka. Kafungua mdomo. Kaufunga.

Bibi bado yuko hewani, nasikia anavyohema. Ananiita mimi sasa — "Mkweee? Mtoto mzimaaa?" — nami sijamjibu, maana Kipusa kafunika simu kwa kiganja na kunisogelea. Ameuliza taratibu, maneno mafupi, safi, hakuna hata moja lililovutwa:

"Mama, nikiongea vile, utanirudisha kwa Bibi?"

Namtazama usoni. Sijui kama anaogopa au anaomba.