Ihramu Iliyofika

Jumanne, 9 Septemba 2025
Kwedizinga nzima hakuna aliyefika nilikofika mimi. Wilaya nzima, tena! Mwenyekiti wa kijiji akinipita anapunguza sauti — anajua macho haya yameiona Kaaba. Watu wananiita Alhaji hata nikiwa chooni.

Mdogo wangu Rehani amerudishwa nyumbani. Ini. Madaktari wamesema tumtunze tu. Hata maji yanamshinda kumeza. Akataka habari za Safa na Marwa. Nikampa: Bi Hajara peke yake jangwani, mtoto analia kiu, mama anakimbia kilima hiki mpaka kile, hadi Zamzam ikabubujika. Nikaongeza kwamba nilipokimbia mimi, Waturuki waliomba niwaongoze. Akacheka mpaka kifua kikambana.

Halafu akaomba azikwe na ihramu yangu. Shuka zile zilizopita pale. Nikasema mbele ya mkewe Chausiku: zako.

Alhamisi, 11 Septemba 2025
Chausiku kaja kuzichukua. Nikamwambia ufunguo wa sanduku umepotea. Akasema, shemeji, sanduku lako halijawahi kuwa na kufuli. Nikajidai nakohoa.

Ijumaa, 12 Septemba 2025
Baada ya swala nimekwenda Korogwe, dukani kwa Kantilal. Shuka mbili mpya, nyeupe pee. Kantilal akauliza nani kafariki. Nikasema bado. Nyumbani nikazifikicha, nikazipaka vumbi kidogo zizeeke.

Jumamosi, 13 Septemba 2025
Nimempelekea. Akauliza pembe ipi iligusa Kaaba. Nikamwonyesha! Akaiweka shavuni, macho kafumba. Nikaanzisha habari za pango la Hira, pale Mtume alipoambiwa "Soma" — na nilivyoupanda mlima ule bila kupumzika. Hakunisikiliza.

"Kaka Mdoe, Makka yako inanuka duka la Kantilal."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Niletee ile iliyofika. Mimi sitafika."

Jumapili, 14 Septemba 2025
Sijafungua mlango tangu asubuhi. Chausiku yuko nje, anabisha, ananiita shemeji kwa upole. Afadhali angenitukana. Anasema sauti imemwisha Rehani, anaonyesha kwa mkono tu — shuka, shuka. Nimemjibu ngoja, navaa.

Ihramu yenyewe ndiyo hii niliyojifunga. Tangu nirudi Makka nalala nayo kila siku. Nikiivua, mtu mzima na ndevu zangu, naogopa giza.