Jeki Nne za Shaba

Jumatatu, 8 Machi

Umeme umekatika tena saa nne asubuhi. Nimepasha chuma cha kulehemu kwenye mbabula, jiko letu la mkaa. Kinapoa upesi. Kiungo kimoja, safari tatu jikoni.

Waya za kwaya lazima ziwe tayari kabla ya Pasaka. Moja ya gitaa, moja ya besi. Nina jeki, zile ncha za kuchomeka, za aina mbili. Zile nyepesi za soko la Manika: ukichelewa kidogo na moto, plastiki ya ndani inalainika, ncha inalegea, na mpiga gitaa anaanza kumlaumu shetani. Halafu zile nne nzito za shaba. Nilizinunua Lubumbashi kwa mwanamuziki aliyekuwa anauza kila kitu chake. Nimezitunza kwenye mkebe miaka miwili, na sasa nimeamua: ni za kwaya.

Ngalula anasema nazipenda jeki kuliko mke wangu. Tumbo lake limeingia mwezi wa nane. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Hii imekaa. Siandiki zaidi, nisije nikaitia mkosi.

Jumanne, 9 Machi

Nyumba ya tatu kutoka kwetu imebaki tupu. Watu wa Kasai kama sisi. Vijana wa Katanga walikuja mchana, wakasimama mlangoni wakiimba mpaka wenye nyumba wakatoka na magodoro kichwani. Baba wa nyumba ile amezeekea kwenye shimo la shaba la Musonoi.

Mimi nilizaliwa Musonoi. Kasai sijawahi kuiona. Baba aliletwa kufanya kazi mgodini, akazikwa hapahapa. Eti nirudi kwetu.

Naogopa. Nimefunga mlango kwa ufunguo, kisha nikasukumia meza. Ufunguo wenyewe si kitu, kitasa kile kinafunguka kwa kijiko.

Alhamisi, 11 Machi

Kapend amekuja. Jirani yangu, mpiga besi wa kwaya, Mlunda, mwenyeji wa hapa. Tangu katekisimu ananiita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa nimemzidi umri. Leo hakutaka kukaa.

Vijana wana mkutano Jumanne, uwanjani karibu na soko. Wanataka waya mbili ndefu za vipaza sauti. Zao zinakwaruza, watu hawasikii.

"Yaya, we njo fundi. Ubafanyie bizuri. Banasema nyumba yako habataigusa mpaka mama atazala."

"Nani alisema?"

"Banene babo."

Wakubwa wa vijana. Hakunitazama. Nimekubali kabla hajamaliza. Najua mkutano ni wa nini. Ni wa kutufukuza sisi. Nimekubali hivyohivyo. Mwezi mmoja tu, mtoto azaliwe ndani ya nyumba, kisha watufanye watakavyo.

 Ngalula aliendelea kuchambua sombe, mboga ya muhogo. Majani yaleyale, mara mbili.

Ijumaa, 12 Machi

Kuna kitu kinaitwa lehemu baridi. Unaweka risasi ya kulehemu kabla shaba haijashika moto. Inatulia juu, unadhani imeshika. Haijashika. Waya ikikanyagwa mara mbili tatu, sauti inakufa. Asubuhi nzima nimeiwaza. Ningewapa hiyo, nani angejua?

Wangejua. Kazi yangu inajulikana. Ndani ya kila jeki nafunga waya kwa uzi mwekundu uliopakwa nta, mafundo mawili, ili mtu akivuta waya, nguvu iishie kwenye uzi, isifike kwenye lehemu. Kisha mwenyewe navuta mara tatu. Hakuna mwingine Musonoi anayefanya hivyo.

Nilianza na jeki za plastiki, mali ya Manika kwa watu wa matusi. Ya kwanza ikayeyuka. Nilichelewa na moto. Nikauona mkutano unanyamaza katikati. Nikawaona wanakuja hapa, Ngalula yuko kitandani. Nikafungua mkebe, nikatoa za shaba. Zote nne.

Hakuna anayesoma hapa, basi niseme ukweli. Katikati ya kazi woga ulinitoka. Risasi iliingia vizuri kati ya nyuzi za shaba, ikang'aa. Nikavuta mara tatu. Haikuachia. Nilifurahi. Sasa naona aibu kwamba nilifurahi.

Jumamosi, 13 Machi

Nimempa Kapend waya. Amesema asante. Waya ya besi nimeimalizia kwa jeki za plastiki. Ya gitaa itasubiri.

Jumapili, 14 Machi

Misa. Sauti ya kwanza wamebaki wanne. Hakuna anayeuliza wengine wako wapi.

Wakati wa sadaka jeki ya besi ikalegea. Kwaa! Kwaa! Akina mama wakalala chini ya mabenchi, walidhani ni bunduki. Kapend akaishika jeki kwa mkono mmoja mpaka mwisho wa wimbo, akapiga kwa ule mwingine alivyoweza. Siku nyingine tungecheka wiki nzima.

Ngalula amenyanyuka polepole, kajishika kiuno. Anasema si kitu.

Jumanne, 16 Machi

Sikwenda uwanjani. Sikuhitaji. Tulikaa ndani, madirisha yamefungwa, na kila neno la vipaza sauti lilitufikia.

"Mpaka Ijumaa! Kila mutu wa Kasai! Hatutaki bilulu mu Katanga! Murudiye kwenu!"

Bilulu ni wadudu. Ni sisi.

Kisha mtu aliuliza jambo kutoka kwenye umati. Swali halikusikika. Jibu lilisikika.

"Bamama ba mimba nabo! Bote!"

Bila mkwaruzo hata mmoja. Ni waya zangu.

Ngalula alikuwa ameshika sahani. Akaiweka chini.

"Kazi yako inasikika," akasema.

Hakusema kwa ukali. Afadhali angenirushia ile sahani. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimechimba, nimelehemu, nimevuta mara tatu.

Jumatano, 17 Machi

Kapend hajaja.

Alhamisi, 18 Machi

Kapend amekuja alfajiri na mkokoteni. Macho mekundu.

"Balinidanganya, yaya."

Labda. Labda alijua. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeisema methali hiyo moyoni tangu juzi.  Tumepakia godoro, sufuria, nguo za mtoto. Meza ya kazi imebaki. Nimechukua chuma changu na kibiringo cha uzi. Uzi wa nini huko Kasai tuendako, sijui. Mkono umeuchukua wenyewe.

Nilitaka kumchukia barabara. Lakini alisukuma mkokoteni mpaka stesheni, na vijana wakamzomea yeye vilevile, wakimwita mtumwa wa bilulu. Hakugeuka. Ngalula alitembea ameshika ukingo wa mkokoteni, anapumzika kila nguzo ya umeme.

Stesheni Kapend alishusha mzigo wa mwisho. Akauliza, "Na waya ya besi, Pasaka nitafanya namna gani?"

"Uishike kwa mkono," nikamwambia.

Akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa naogopa mno.

Jumatatu, 22 Machi

Stesheni bado. Watu hadi kwenye reli. Mvua. Tumetandaza plastiki, tuko familia tatu chini yake. Hakuna anayejua treni inakuja lini. Watoto wanaharisha. Mmoja amezikwa jana nyuma ya banda la mizigo. Mama yake aliuliza nani ana ubao wa jeneza, nikakumbuka meza yangu.

Tumbo la Ngalula linakaza kisha linaachia. Nahesabu. Ananikataza kuhesabu. Nahesabu kimoyomoyo.

Si hapa. Mungu, si hapa.

Alhamisi, 25 Machi

Treni imekuja. Tumeingia kwenye behewa la mizigo, kwa viwiko. Sufuria imepotea. Ngalula yuko ndani. Mengine basi.

Jumamosi, 27 Machi

Tenke, stesheni ya njiani. Treni imesimama tangu jana, hatujaambiwa sababu.

Uchungu ulimshika asubuhi. Wanaume tumeshushwa behewani, wanawake wamening'iniza vitenge mlangoni. Nilisimama kwenye kokoto za reli. Sijawahi kuogopa hivyo maishani, hata siku ile ya mkutano. Nilisikia kila kitu. Kisha sikusikia kitu. Kisha mtoto.

Mama Ntumba, bibi wa pembeni yetu behewani, ndiye aliyemzalisha. Akatoa kichwa kwenye vitenge, akaniita tata, baba.

"Tata, uko na nyuzi? Nyuzi ya nguvu?"

Nikatoa kibiringo. Akaukata uzi, akauchemsha pamoja na wembe kwenye kopo. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kwa uchovu. Akaitazama, akanitazama.

"Funga weye."

Nikapanda. Ngalula alikuwa mwenye rangi ya majivu, macho wazi, ananitazama vidole. Nikafunga kitovu cha binti yangu kwa uzi mwekundu, mafundo mawili huku, mafundo mawili kule. Bibi akakata katikati. Mkono wangu haukutetemeka.

Kisha mkono ukaenda wenyewe kuvuta mara tatu. Mama Ntumba akanipiga kofi vidoleni.

"Eeh! Ile haiko waya!"

Wanawake wakacheka behewa zima. Ngalula naye akacheka, akashika tumbo kwa maumivu.

Sasa ni alasiri. Mtoto amenyonya. Mbele hatujui kuna nini. Uzi uliobaki nimeurudisha mfukoni.

Kabla ya kusinzia Ngalula aliniuliza kama nilikaza vizuri. Nimemwambia nilikaza.