Chachu ya Bibi kwa Mhadhara wa Baba

Gondar,
12 Tikimt

Mpendwa Dada Yeshi,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Kila nikishika kalamu, Bitania anaamka. Hata sasa nimempakata ananyonya, ndiyo maana mwandiko unakwenda upande. Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Baridi ya Oslo usiichezee, vaa soksi mbili. Sisi wazima, ila usingizi tumeusahau.

Mhadhara wa kumbukumbu ya Baba ni mwezi ujao, wa nne sasa tangu atutoke. Atazungumza Kassaye, yule mwanafunzi wake mwenye kigugumizi, juu ya vijidudu vya chachu ya mkate wetu wa injera, kazi aliyoiacha Baba. Mkuu wa idara ya Baba chuoni alikuja mwenyewe kuniuliza, "Mtatupikia kama kawaida?" Unakumbuka Baba alivyokuwa akigawa injera darasani kabla hajafundisha lolote: "Tafuneni taratibu, hao vijidudu ni ndugu zangu, tumelelewa katika mtungi mmoja!"

Dada, chachu ya Bibi imekufa. Nilipojifungua, mama mkwe alikuja kunisaidia. Akausugua mtungi wa chachu kwa sabuni na maji ya moto, akaniletea unang'aa. "Mwanangu, ulikuwa unanuka kama viatu vya askari!" Nikamshukuru. Ningesema nini, na nepi zote anafua yeye? Nikaingia chumbani nikalia kama siku tuliyomzika Baba. Bibi aliitunza, Baba akaitunza, imekuja kufia mikononi mwangu. Na ile ya akiba kwenye maabara ya Baba iliharibika umeme ulipokatika wakati wa vita.

Mume wangu Getnet ananiambia, "Omba kwa jirani, nani atajua?" Nimemjibu kwamba sitaweka mgeni mbele ya picha ya Baba nikamwita ndugu.

Imebaki yako tu, ile Baba aliyokukaushia kwenye kitambaa cheupe ulipoondoka. Bado unaipikia? Kama nayo imekufa, niambie kweli, nimwambie mkuu wa idara kwamba mwaka huu meza itakuwa tupu.

Wasalimie sana Shemeji Alemu na wale pacha. Mama mkwe anakusalimu. Hajui alichokifanya, nawe usimwambie. Mungu akufunike huko ugenini.

Mdogo wako anayekupenda na kukuwaza,
Tiruwork

Ninavyovingoja: mafuta ya vipele vya mtoto. Kofia ya sufu, ya mwenye kichwa kikubwa kama cha babu yake. Na chachu, iliyokauka, hata kiasi cha ukucha tu, kwenye kitambaa ambacho hakijawahi kuona sabuni.